Kuanua Matanga ya Kazi

Mwaka 2021, nilipokuwa nikihama nyumba, nilikuta chini kabisa ya droo ya meza yangu ya kuandikia bahasha ya kaki ambayo haikuwa imefunguliwa. Juu yake palikuwa na mwandiko wa mpwa wangu: "Mjomba, naomba usome hizi kwanza kabla hatujaanza." Nikakaa juu ya sanduku la vitabu, bahasha mkononi, nikahesabu miaka. Ilikuwa saba. Kazi aliyoitaja tulikwisha kuianza, tukaimaliza, ikaharibika, na sisi wawili tukaacha kuizungumza. Yale aliyoniomba niyasome kwanza yalikuwa bado yamelala ndani ya gundi yake.

Nikaifungua. Ndani mlikuwa na kurasa thelathini hivi, zilizochapwa kwa wino hafifu kwenye duka la vifaa vya ofisini, za jarida la Kiingereza liitwalo Game Developer. Mistari kadhaa ilikuwa imepakwa rangi ya njano. Nilikusudia kusoma ukurasa mmoja tu ili nijue kama ni za kutupa au za kuhifadhi. Vijana waliokuwa wakipakia vyombo kwenye gari waliniita mara mbili, na mara ya tatu wakaacha kuniita.

Ndugu msomaji, ukumbi huu ni wa mashairi na lugha, nawe una haki ya kuuliza jarida la mafundi wa michezo ya video limeingiaje hapa. Nivumilie kidogo. Limeingia kwa mlango wa lugha, na limenidai deni ambalo nadhani wengi wetu tunaotunga tunalo.

Majarida ya michezo ya video ni mengi, na mengi huandikiwa mchezaji. Humwambia ni mchezo upi umetoka, una uzuri gani, umepewa alama ngapi kati ya kumi, anunue au asinunue. Game Developer halikuwa la namna hiyo. Lilianzishwa Marekani mwaka 1994 na kampuni ya Miller Freeman ya San Francisco. Lilikuwa na undugu na mkutano wa kila mwaka wa watengenezaji michezo, GDC, ule ulioanza mwaka 1988 nyumbani kwa mbunifu Chris Crawford huko San Jose. Msomaji wake alikuwa fundi. Mtunzi wa programu alielezwa namna ya kuifanya kompyuta itambue kwamba vitu viwili vimegongana. Mchoraji alielezwa namna ya kuupa uso uhai. Mtu wa sauti alielezwa yake. Zana mpya za kazi zilipimwa na kutuzwa kila mwaka. Kila mwaka pia lilichapisha uchunguzi wa mishahara, ili fundi ajue mafundi wenzake wanalipwa kiasi gani. Lilikuwa kama baraza la maseremala jioni, pale wanaposemezana juu ya mbao na misumeno, mteja akiwa amekwisha kwenda zake.

Kurasa alizonichapia mpwa wangu zote zilikuwa za safu moja ya jarida hilo, iliyoitwa Postmortem. Jina limetoka Kilatini, maana yake ni "baada ya kifo", na hospitalini ndilo jina la uchunguzi wa maiti. Katika jarida, aliyechunguzwa alikuwa mchezo uliokwisha kukamilika na kuuzwa, na aliyechunguza alikuwa mmoja wa waliouunda. Umbo la makala lilikuwa moja, toleo baada ya toleo, kama bahari ya shairi inavyokuwa moja. Kwanza utangulizi mfupi wa namna kazi ilivyoanza. Kisha mambo matano yaliyokwenda sawa. Kisha mambo matano yaliyokwenda kombo. Pembeni kiliwekwa kisanduku cha takwimu: watu wangapi walifanya kazi, kwa muda gani, kwa zana zipi, na mara nyingine kwa fedha kiasi gani.

Hebu fikiri ugumu wa umbo hilo. Mtu amemaliza kazi ya miaka miwili au mitatu. Mchezo uko dukani, unasifiwa, fedha zinaingia. Ndipo anapotakiwa akae chini, aandike kwa jina lake mwenyewe mambo matano aliyoyakosea, na ayachapishe mahali ambapo washindani wake watayasoma.

Waliyaandika. Tom Leonard, aliyeongoza utunzi wa programu wa Thief, mchezo wa mwaka 1998 wa mwizi anayenyatia gizani, alieleza walivyohangaika na akili bandia ya walinzi, nacho kilikuwa kiini hasa cha mchezo, kwa kuwa mwizi hana la kujificha ikiwa mlinzi haoni wala hasikii. Erich Schaefer aliandika juu ya Diablo II ya mwaka 2000 kwamba hawakuwahi kuwa na andiko kamili la ubunifu wa mchezo huo, na kwamba kipindi cha kukesha kazini kilirefuka kupita walivyokusudia, kikawachosha watu. Warren Spector aliandika juu ya Deus Ex, nao pia ni wa mwaka 2000, mchezo ambao hadi leo hutajwa miongoni mwa bora za fani hiyo. Mistari mingi ya njano ya mpwa wangu ilikuwa kwenye makala hiyo ya Spector.

Spector alieleza kwamba mwanzoni aliwagawa wabunifu wake katika vikundi viwili, kila kimoja na mkuu wake na mtazamo wake wa mchezo, akitumaini kwamba mvutano baina yao ungezaa ubunifu. Ukazaa ugomvi. Hatimaye ilimlazimu kuviunganisha na kumweka mbunifu mkuu mmoja. Aliyaandika haya bila kumsukumia mtu mwingine: mpango ulikuwa wake, na haukufaa. Mpwa wangu alikuwa ameipaka njano aya nzima, na pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi maneno mawili: "Mimi + Mjomba?"

Alama ile ya kuuliza iliniumiza kuliko lawama yoyote.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Mwaka 2014 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, amejifunza mwenyewe kutunga programu za simu. Alitengeneza mchezo wa daladala. Mchezaji ni konda: anapakia abiria, anakusanya nauli, anarudisha chenji, anakumbuka nani anashuka kituo gani, na akikosea watu wanalalamika na dereva anachelewa. Ulikuwa mchezo mdogo, lakini wa kwetu kabisa. Alitaka maneno yake yote yawe ya Kiswahili kilichonyooka, akanijia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili katika ukoo, na mashairi yangu yamekwisha kusomwa redioni. Alinikabidhi bahasha ile pamoja na orodha ya maneno ya Kiingereza ya kutafsiri. Orodha niliifanyia kazi. Bahasha niliitia drooni, nikajisemea kwamba mtu aliyefundisha sarufi miaka kumi na tisa hana haja ya kusomeshwa na magazeti ya michezo.

Programu yake ilikuwa ikiunga sentensi kwa vipande. Kipande cha kwanza kilikuwa kitenzi, "Umepata". Cha pili kilikuwa jina la kitu. Cha tatu kilikuwa sifa ya kitu hicho. Kwa Kiingereza mtambo wa namna hiyo hauna taabu, maana kivumishi cha Kiingereza hakijali kimesimama karibu na nani. Kiswahili kinajali. Basi huwa jipya, kiti kikawa kipya, njia ikawa mpya, matairi yakawa mapya, na abiria akawa mpya akiwa peke yake na wapya wakiwa wengi. Mimi, bwana wa ngeli, nilimwandikia katika orodha neno moja tu, kama linavyokaa katika mfano wa ubaoni: mpya.

Siku moja alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Samahani, hili neno 'mpya', halibadiliki?" Nilikuwa katika kikao cha kuhukumu mashairi ya wanafunzi, nikaona ananikata kauli. Nikamjibu: "Marahaba. Andika kama nilivyokupa." Akaandika kama nilivyompa. Mchezo ukatoka ukisema "Umepata kiti mpya", na "Umepata basi mpya", na abiria mmoja aliposhuka kiooni paliandikwa "Abiria 1 wameshuka".

Hilo lilikuwa kosa la sarufi. Kosa la pili lilikuwa la masikio. Konda wangu alizungumza kama khatibu. Pale ambapo konda yeyote wa Dar es Salaam angesema "Nauli jamani, nauli", mimi niliandika: "Waheshimiwa abiria, wakati wa kutoa malipo ya safari umewadia." Pale ambapo angesema "Sogea nyuma huko", niliandika: "Tafadhali jongeeni kuelekea sehemu ya nyuma ya chombo." Sentensi hizo hazikuenea hata kwenye kioo cha simu, zilikatwa katikati, na mchezaji akabaki na "Tafadhali jongeeni kuelek". Nilipoambiwa, nilisema vioo vya simu ni vidogo mno kwa lugha yetu.

Mpwa wangu aliupeleka mchezo kwenye shirika moja lililokuwa likitafuta michezo ya simu ya lugha za Kiafrika ili liigharimie. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili. Walisema wazo linavutia, lakini lugha ina makosa mengi ya upatanisho, na haifanani na mahali mchezo unapotokea. Nililisoma jibu hilo sebuleni kwa dada yangu. Dada akaniuliza, "Kaka, si ulisema Kiswahili chake umekishika wewe?" Nikamjibu: "Dada, mwanao hakufuata nilichomwandikia."

Alikuwa uani, akifunga kamba ya kuanikia nguo. Dirisha lilikuwa wazi.

Hakuja kunikabili. Watoto waliolelewa na dada yangu hawabishani na mjomba. Mwaka uliofuata alifungua meza ya kutengeneza simu Kariakoo, na hadi leo ndiyo riziki yake, na ni fundi hodari. Katika shughuli za ukoo ananisalimu kwa adabu zote. Lakini tangu siku ile hakuniuliza tena maana ya neno lolote.

Nilipomaliza kusoma kurasa zile juu ya sanduku la vitabu, nilifahamu alichokuwa akiniomba. Hakuwa akinifundisha kazi yangu. Alikuwa akiniambia: tazama, mjomba, wakubwa wa fani hii hukosea namna hii, tukae pamoja, tusikosee kama wao. Kila kosa nililolitenda lilikuwa na kaka yake katika kurasa zile: makundi mawili yasiyosemezana, sehemu moja ya kazi kutojua nyingine inahitaji nini, ukaidi wa mkuu. Wenzetu walikwisha kulipa gharama ya makosa hayo, na risiti wakaichapisha hadharani. Mpwa wangu aliniletea risiti, nami nikaitia drooni.

Sikuweza kumwomba radhi kwa maneno matupu, kwa sababu maneno matupu ndiyo mali ninayoimiliki kwa wingi. Nikaamua kumwandikia kwa umbo la jarida lile: matano yaliyokwenda sawa, matano yaliyokwenda kombo.

Matano ya kombo yalinijia upesi. Haya ndiyo niliyoyaandika. La kwanza, nilipewa maandiko ya kusoma sikuyasoma. La pili, nilitoa maneno bila kuuliza yatakaa wapi, karibu na maneno gani, katika nafasi yenye upana gani; na ulipouliza wewe, nilikunyamazisha. La tatu, nilimvika konda joho la khatibu, kwa kuwa nilitaka wasomaji wanione mimi, wasimwone konda. La nne, sikuucheza mchezo huo hata mara moja. La tano, nilikutwika lawama mbele ya mama yako hali nikijua.

Matano ya sawa yalinishinda. Nilipata mawili tu. La kwanza ni kwamba nilimtungia maneno ya kuandikwa nyuma ya daladala, arobaini na kitu, mafupi mafupi, kama "Wivu Haulipi Nauli", nayo niliyafurahia na nasikia waliojaribu mchezo waliyacheka. La pili ni kwamba orodha niliileta siku niliyoahidi. Baada ya hapo nikakwama. Jarida halikubali mawili. Linataka matano, na linayataka yatangulie. Mwanzo nilidhani ni adabu tu ya Wamarekani, kumpaka mtu mafuta kabla ya kumchoma sindano. Nilipokwama ndipo nilipotambua kwamba ni nidhamu. Asiyeweza kusema kwa hakika ni nini kilichofaa katika kazi hawezi pia kuaminiwa anaposema nini hakikufaa, kwa kuwa hajaitazama.

Nami sikuwa nimeitazama. Ikanibidi nimwandikie ujumbe: "Mjomba, bado unao ule mchezo wa daladala?" Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, kila mmoja mjomba wa mwenziwe. Jioni akanitumia faili, bila neno lolote. Mtoto wa jirani akanisaidia kuliweka kwenye simu.

Nikacheza, mtu wa miaka hamsini na minane, usiku, kando ya masanduku ambayo hayajafunguliwa. Nikaona kwamba konda akitaka dereva aondoke hugonga bodi ya gari, na mlio wa ule mkono juu ya bati ulikuwa mlio wenyewe hasa. Nikajua kwamba kijana yule alisimama barabarani na kuurekodi. Nikaona kwamba abiria mzee hushuka polepole, na mchezo humpa muda bila kumkata konda alama. Hakuna aliyemwagiza kuweka jambo hilo. Hayo ndiyo yakawa la tatu na la nne. La tano likawa kwamba mchezo ulikuwa mzuri, hata kwa Kiswahili changu kibovu. Yapata saa saba za usiku kiooni palikuja "Umepata kiti mpya", nikazima simu.

Wakati wa kuandika nilikutana na tatizo la msamiati, na hapa ndipo ninapoomba ushauri wako, ndugu msomaji. Tuiiteje safu ile kwa Kiswahili? "Uchunguzi wa maiti" unanuka dawa ya hospitali. "Tathmini baada ya utekelezaji" ni lugha ya semina, na mwisho wake huwa chakula cha mchana. Nimefikiri sana, nikarudi kwenye msiba wa kwetu. Mtu akifa tunakaa matanga, na siku ya kuanua matanga, majamvi yanapokunjwa na watu wanajiandaa kutawanyika, mzee wa familia husimama. Husema: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Halitamkwi kwa ukali. Hakuna anayeona kwamba marehemu amedhalilishwa kwa kutajiwa deni. Kinyume chake, huonekana ametendewa haki, maana anatuliwa mzigo asiouweza tena kuutua mwenyewe. Madeni yakitajwa, walio hai hujua wanaanzia wapi.

Mimi basi nimeiita kuanua matanga ya kazi. Kazi imekwisha, majamvi yanakunjwa, na kabla hatujatawanyika tunauliza: nani anaidai, na yenyewe inamdai nani? Mwenye neno bora alilete, sitagombana.

Nisije nikalipamba jarida lile kuliko lilivyokuwa. Si kila makala ya Postmortem ilikuwa na ukweli uleule. Zipo ambazo mambo yake matano ya kombo ni sifa zilizovaa kanga ya majuto: tulikuwa na ndoto kubwa mno, tulijali ubora kupita kiasi. Msomaji huyatambua upesi, kama tunavyomtambua mfiwa anayelia huku akichungulia nani anamtazama. Lakini zile za kweli zilitosha kuipa safu hiyo heshima, na mwaka 2003 baadhi yake zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Austin Grossman. Jarida lenyewe lilikoma na toleo la Juni na Julai 2013, baada ya miaka kumi na tisa. Tovuti ndugu yake, Gamasutra, iliyoanzishwa mwaka 1997, iliendelea, na mwaka 2021 ikabadilishwa jina na kuitwa Game Developer. Mdogo akarithi jina la marehemu, kama ilivyo desturi kwetu. Nilipoligundua hilo nilitabasamu, kwa kuwa ndio mwaka nilioifungua bahasha.

Sasa nirudi kwetu, kwa watunzi. Tunalo jambo linalokaribiana na safu ile, tena la zamani kuliko kompyuta. Watunzi wa tenzi walizoea kufunga kazi kwa kujitaja, kutaja walikotoka au wakati walioandika, na kuwaomba wasomaji wawasamehe walipoteleza na warekebishe palipopinda. Ni desturi nzuri. Lakini sisi tulioirithi tumeifanya pambo la mlangoni. Tunaomba radhi kwa makosa yote kwa jumla ili tusilitaje hata moja. Nimeandika "mnisamehe nilipokosea" katika beti za mwisho mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na sijawahi hata siku moja kusema ni ubeti upi, mshororo upi, kosa gani. Wala mimi si wa peke yangu. Kila mwezi tunasoma sifa za diwani mpya, na mara mojamoja tunasoma shambulio. Tusichokisoma kamwe ni mwenye diwani mwenyewe akisema: hapa nilishindwa, na sababu ni hii.

Basi nianze mimi, kwa mshororo mmoja. Katika shairi langu moja lililowahi kusomwa redioni umo huu: "Safari ina tamati, jamani nawaambia." Mizani ni kumi na sita, nane kwa nane, kina kimekaa mahali pake. Hakuna mhakiki aliyeugusa. Lakini kipande cha pili hakisemi kitu. Nilikwisha kusema nilichokuwa nacho katika mizani nane za kwanza, zikanibakia nane nyingine za kujaza, nikazijaza kwa mapumba. Nilijua usiku uleule nilioutunga. Nikauacha kwa sababu ulikuwa na mlio, na kwa sababu nilitumaini msomaji atadhani kuna hekima asiyoifikia. Konda wangu wa daladala na mshororo huu ni watoto wa baba mmoja: katika kazi zote mbili nilijali nitakavyosikika, sikumjali atakayesikiliza.

Barua yangu kwa mpwa wangu niliipeleka mwenyewe Kariakoo, nikaiacha mezani kwake kati ya betri na vioo vilivyopasuka, nikaondoka kabla hajamaliza na mteja. Nilipita pia kwa dada, nikamwambia kwa mdomo wangu lile jambo la tano. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilijua, kaka. Nilikuwa nangoja wewe." Akanimiminia chai.

Majibu ya kijana yalikuja baada ya siku nne, kwa ujumbe wa simu. Nimeomba ruhusa yake kuyanakili hapa. "Shikamoo mjomba. Nimesoma. Jambo la pili tugawane. Nilijua 'kiti mpya' si Kiswahili, hata mtoto anajua. Ningeweza kurekebisha mwenyewe kwa siku mbili, kila jina nilipe namba ya ngeli yake na programu ichague kipya au jipya. Niliacha kusudi, ili ionekane umekosea wewe. Hilo ni deni langu. La tatu uko sahihi, yule konda alikuwa anatia aibu."

Hajarudi kwenye utengenezaji wa michezo, na sitaki nikudanganye kwamba atarudi. Ana watoto wawili, na meza ile haimpi nafasi. Lakini juzi, baada ya miaka tele, simu yangu iliita mchana, nikasikia kelele za Kariakoo nyuma yake. "Shikamoo mjomba. Una nafasi kidogo? Kuna neno nataka kukuuliza."

Nilikuwa katika kikao. Nikatoka nje.